Mlinganyo wa matriksi haupimwi kwa uzuri wa grafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wa uhandisi na hisabati, pamoja na wanaowasimamia. Kila msimu wa kukusanya miradi ya mwisho wa masomo, ripoti za udhibiti wa droni, ufuatiliaji wa setilaiti na uendeshaji wa mota za umeme huja na grafu nzuri kwelikweli, na chini yake sentensi moja: mlinganyo wa Riccati (mlinganyo wa kasi za badiliko unaotumika kupata nguvu bora ya kudhibiti mtambo) ulitatuliwa kwa kompyuta. Basi. Ukubwa wa hatua (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) haukutajwa, kiwango cha kosa kinachoruhusiwa hakikutajwa, na hakuna kipimo hata kimoja cha kuthibitisha jawabu. Ombi langu ni kwamba ripoti ya namna hiyo isipokelewe mpaka iambatane na ukurasa wa vipimo. Nitaeleza vipimo hivyo ni vipi, na kwa nini mlinganyo wa matriksi, yaani wa majedwali ya namba, unavihitaji zaidi kuliko mlinganyo wa namba moja.

Mlinganyo wenyewe una historia ndefu. Jacopo Riccati wa Venice aliushughulikia katika karne ya 18 kwa namba moja tu: x′ = a + bx + cx², ambapo alama ya ′ ni kasi ya badiliko. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi zake Marekani, aliuweka mlinganyo huo kwa umbo la matriksi katikati ya nadharia ya udhibiti na ya kukadiria hali ya mtambo. Kwa udhibiti tunauandika hivi: −S′ = AᵀS + SA − SGS + Q, na S, matriksi inayotafutwa, inajulikana mwishoni mwa muda, yaani S(T). A inaeleza mtambo unavyojiendea wenyewe, Q ni gharama ya kupotoka, na G ni BR⁻¹Bᵀ, ambapo B inaeleza mahali nguvu inapoingilia na R ni bei ya kuitumia. Alama ya ᵀ ina maana safu mlalo zimegeuzwa kuwa safu wima. Kipande cha SGS ndicho kinachoufanya mlinganyo usiwe wa mstari, na taabu nyingi hutoka hapo.

Kabla ya Riccati, kuna jambo la msingi linalowaponza wengi. Matriksi hazibadilishani nafasi: AB si lazima iwe sawa na BA. Mwanafunzi aliyezoea kalkulasi ya kidato cha sita huandika kwamba kasi ya badiliko la X² ni 2XX′. Sivyo. Ni X′X + XX′, na vipande hivyo haviunganishwi mpaka uwe na hakika kwamba X na X′ zinabadilishana nafasi. Kasi ya badiliko la X⁻¹ nayo ni −X⁻¹X′X⁻¹, kinyume kikiwa pande zote mbili za X′. Na mlinganyo X′ = A(t)X hautatuliwi kwa kupandisha intigrali ya A kwenye kipeo cha e, isipokuwa pale ambapo A ya wakati mmoja inabadilishana nafasi na A ya kila wakati mwingine. Kosa hili la mwisho ni baya zaidi, maana kwa muda mfupi jawabu lake hukaribiana na la kweli, kisha likaachana nalo taratibu bila ishara yoyote.

Sasa tuangalie mfano unaoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Chukua X′ = X², na matriksi ya kuanzia X₀ yenye 0 na 1 katika safu mlalo ya kwanza, 1 na 0 katika ya pili. Jawabu kwa ujumla ni X(t) = X₀(I − tX₀)⁻¹, ambapo I ni matriksi yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingineko. Kwa kuwa X₀ mara X₀ inatoa I, jawabu linakuwa (X₀ + tI) gawanya kwa 1 − t². Wakati t = 0.5, namba za kwenye ulalo ni 0.6667, na za nje ya ulalo ni 1.3333. Mwambie mwanafunzi aendeshe msimbo wake kwa mfano huu. Akipata sifuri kwenye ulalo na 2 nje ya ulalo, kosa limejulikana palepale: amepandisha kila namba kipeo cha pili peke yake badala ya kuzidisha matriksi kwa matriksi. Kwa Python yenye NumPy, X*X huzidisha namba kwa namba, na X@X ndiyo kuzidisha matriksi. Kwa Octave ni kinyume chake: X*X ni ya matriksi, na nukta ya X.*X ndiyo inayoleta namba kwa namba. Anayehamisha msimbo kutoka Octave kwenda Python bila kupitia kila alama ya nyota anabeba kosa hili, na programu haitalalamika, kwa sababu idadi za safu za matriksi zote zinalingana.

Kosa la pili ni la upakiaji. Vitatuzi vingi, yaani programu za kutatua milinganyo ya namna hii, solve_ivp ya SciPy (maktaba ya Python) na ode45 ya Octave zikiwemo, vinataka vekta moja, yaani orodha ndefu ya namba, si matriksi. Hivyo matriksi ya n kwa n hupangwa kuwa namba n² mfululizo, kisha ndani ya kanuni hurudishwa kuwa matriksi, kasi ikahesabiwa, ikapangwa tena. Octave hupanga kwa kushuka safu wima moja baada ya nyingine. NumPy, usipoiambia vingine, hupanga kwa safu mlalo. Ukipanga na kupangua kwa utaratibu uleule huna shida. Shida huanza pale mtu anapojenga matriksi kubwa ya n² kwa n² kwa zao la Kronecker (⊗), ambalo kila namba ya matriksi ya kwanza huzidishwa na matriksi nzima ya pili. Kwa upangaji wa safu wima, AXB hugeuka kuwa Bᵀ⊗A ikizidisha vekta ya X. Kwa upangaji wa safu mlalo ni A⊗Bᵀ. Na hapa pana mtego unaostahili kubandikwa ukutani mwa kila maabara: kwa AX + XAᵀ, njia zote mbili zinatoa jumla ileile, A⊗I + I⊗A. Anayejaribu msimbo wake kwa milinganyo linganifu pekee ataona kila kitu kiko sawa, kumbe kosa limejificha. Litajitokeza siku atakapokutana na AX + XB, ambapo A na B ni tofauti. Kwa hiyo jaribio la upakiaji lifanywe kwa matriksi isiyo linganifu (isiyobaki ileile ikigeuzwa kwa ᵀ), tena kwa namba zisizofanana kabisa.

Nije kwenye kulipuka. Mlinganyo wa mstari wenye A(t) isiyokatika una jawabu kwa muda wote. Usio wa mstari hauna ahadi hiyo. x′ = x², ukianzia 1, una jawabu 1/(1 − t), ambalo linakwenda kusiko na mwisho t inapokaribia 1. Sasa uendeshe kwa mbinu ya Euler, inayoongeza kasi ya sasa mara hatua, kwa hatua ya 0.1. Kwenye t = 0.9 utapata 4.29, na jawabu la kweli ni 10. Kwenye t = 1 utapata 6.13, mahali ambapo jawabu halipo kabisa. Kwenye t = 1.1 utapata 9.89, na grafu inapanda kwa utulivu kama kawaida. Kompyuta haikusimama wala haikuonya. Mfano wangu wa matriksi hapo juu unalipuka t = 1 vilevile, kwa sababu thamani eigeni moja ya X₀ (namba ambayo matriksi huzidisha vekta fulani bila kuigeuza mwelekeo) ni 1; kwa X′ = X² mlipuko wa mbele hutokea kwenye 1 gawanya kwa thamani eigeni halisi chanya iliyo kubwa kuliko zote. Kitatuzi chenye hatua zinazojirekebisha ni bora hapa, kwa sababu kitapunguza hatua mpaka kikwame na kutoa ujumbe. Ujumbe huo ni habari kuhusu mlinganyo wenyewe. Kuuzima kwa kulegeza kiwango cha kosa, au kwa kurudi kwenye hatua isiyobadilika, ni kuifukia habari hiyo.

Kwa Riccati ya udhibiti kuna kanuni inayosaidia sana. Ikiwa Q haina thamani eigeni hasi, R ni chanya kamili (thamani eigeni zake zote ni kubwa kuliko sifuri), na S(T) haina thamani eigeni hasi, basi S haitalipuka ukirudi nyuma kutoka T. Ikilipuka, usitafute kitatuzi kingine. Tafuta alama ya kuongeza au kutoa iliyokosewa, au mwelekeo wa muda. Namba moja inatosha kuonyesha hili. Tumia muda wa kurudi nyuma, τ = T − t, na mlinganyo dS/dτ = 1 − S². Ukianzia 0, jawabu ni tanh τ, linatulia kwenye 1. Ukikosea alama ukaandika 1 + S², unapata tan τ, linalolipuka τ ikiwa 1.5708. Ukisahau kugeuza muda ukatatua S′ = S² − 1 kwenda mbele kutoka 0, unapata −tanh t, linalotulia kwenye −1. Hilo ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa limetulia, linapendeza machoni, na ni hasi, yaani linadai kwamba gharama ya kupotoka ni faida. Ukianzia 2 katika mwelekeo huohuo mbovu, litalipuka t = 0.549, nusu ya logi asilia ya 3.

Mfano wa matriksi ambao ningeufanya wa lazima ni wa mzigo unaosukumwa kwenye reli isiyo na msuguano: A ina 0 na 1 juu, 0 na 0 chini, B ni 0 juu na 1 chini, Q ni I, R ni 1. Ziite namba za S: a juu kushoto, b kwenye pembe mbili, c chini kulia. Mlinganyo wa matriksi unakuwa mitatu: da/dτ = 1 − b², db/dτ = a − bc, dc/dτ = 1 + 2b − c². Mabadiliko yakiisha, b lazima iwe 1 au −1; −1 inaleta c² = −1, haiwezekani; basi b ni 1, c ni kipeuo cha pili cha 3, na a ni sawa na c. Kwa hiyo S inatulia kwenye 1.73205 katika ulalo na 1 pembeni. Tofauti kati ya S na jawabu hilo hufifia kwa kasi ya e^(−√3τ), hivyo kufikia τ = 10 imebaki kama 0.00000003 ya ukubwa wa mwanzo. Mwanafunzi anayeanzia sifuri na kwenda hadi τ = 10 lazima apate tarakimu hizo tano za desimali. Asipozipata, aangalie kwanza kiwango cha kosa: ode45 na solve_ivp, ukiziacha zilivyo, hutumia kosa la uwiano la 0.001 na kosa la jumla (lisilotegemea ukubwa wa namba) la 0.000001. Kwa 0.001 huna haki ya kudai tarakimu tano. Weka 1e-8 na 1e-10, ndipo uhukumu.

Kuna njia ya kuukwepa huo usio-mstari kabisa, na ni ajabu kwamba haifundishwi mara nyingi inavyostahili. Andika S = VU⁻¹, kisha tatua milinganyo miwili ya mstari: dU/dτ = −AU + GV, na dV/dτ = QU + AᵀV, ukianza na U = I na V = S(T). Ukitofautisha VU⁻¹ kwa kanuni ya kinyume niliyoitaja, Riccati inajitokeza yenyewe. A, G na Q zisipobadilika na muda, ziweke pamoja katika matriksi M ya 2n kwa 2n, yenye −A na G juu, Q na Aᵀ chini, kisha hesabu eksponensha ya Mh, h ikiwa ukubwa wa hatua, mara moja tu kwa amri ya expm. Huhitaji Runge-Kutta, ile mbinu ya kutembea hatua kwa hatua inayotumiwa na ode45.

Lakini njia hii ina shimo. M ina thamani eigeni zinazokua na zinazofifia kwa jozi. Tuseme zinazokua ni 1 na 20. Ikifika τ = 2, sehemu moja ya U imekua e⁴⁰ na nyingine e² tu. Uwiano wake ni e³⁸, kama 3 ikifuatiwa na sifuri 16, na namba za kawaida za kompyuta zina takriban tarakimu 16. U imekuwa sawa na matriksi isiyo na kinyume, na VU⁻¹ inatoa takataka. Wanafunzi wengi wakifika hapa huacha njia nzima wakisema ni mbovu. Dawa yake ni fupi. Usiende mbali bila kuanza upya: gawanya eksponensha ya Mh katika robo nne, Φ₁₁ na Φ₁₂ juu, Φ₂₁ na Φ₂₂ chini, na kila hatua hesabu S mpya = (Φ₂₁ + Φ₂₂S)(Φ₁₁ + Φ₁₂S)⁻¹. Huo ndio utaratibu unaojulikana kwa majina ya Davison na Maki, wa mwaka 1973, ukiwa na marekebisho ya kuanza upya. Chagua h ili h mara thamani eigeni kubwa isizidi 1 kwa mbali; kwa 20, h = 0.05 inatosha. Kinyume usikihesabu kwa amri ya inv; tatua mfumo wa milinganyo ya mstari, ni haraka na ni sahihi zaidi.

Onyo moja zaidi kuhusu njia hiyo. Inaweza kuvuka mlipuko kimyakimya. Kwa ule mlinganyo uliokosewa alama, U ni cos τ na V ni sin τ. Ukichapa kila 0.5, utaona 14.10 kwenye 1.5 na −2.19 kwenye 2.0, bila kosa lolote kuripotiwa. Kwa hiyo chapa pia thamani singula ndogo kuliko zote (kipimo cha jinsi matriksi ilivyo karibu na kukosa kinyume) ya matriksi unayoigawia katika kila hatua, na alama ya determinanti yake. Alama ikigeuka, au thamani hiyo ikishuka karibu na sifuri, jawabu la baada ya hapo si la tatizo uliloanza nalo.

Pale ambapo A inabadilika na muda, au mfumo una kasi zinazopishana sana, mathalani mota yenye mkondo wa umeme unaotulia kwa milisekunde na joto linalotulia kwa dakika, Runge-Kutta ya kawaida hulazimika kutembea kwa hatua ndogo mno hata baada ya sehemu ya haraka kwisha. Hapo wengi huchukua kitatuzi cha BDF, kinachofaa mifumo ya namna hiyo, na kukiacha kijitengenezee matriksi ya Jakobi, yaani jedwali la jinsi kila kasi inavyobadilika kwa kila namba ya vekta. Fanyeni hesabu kwanza. Kwa n = 100, vekta ina namba 10,000, na Jakobi ina namba milioni 100; kwa baiti 8 kila moja ni megabaiti 800, kabla hata ya kuitatua. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi inakwama, na lawama zinaiangukia nadharia. Kumbe kuna mlango wa pembeni. Euler ya kurudi nyuma yenye hatua h, ikitumika kwa Riccati, inageuka kuwa mlinganyo wa Riccati usio na muda: A inapunguzwa I/(2h), na Q inaongezwa S ya zamani gawanya kwa h. Huo unatatuliwa moja kwa moja na solve_continuous_are ya SciPy au care ya Octave, kwa matriksi za n kwa n. Usahihi wake ni wa ngazi ya kwanza tu (ukipunguza hatua kwa nusu, kosa hupungua kwa nusu), lakini una sifa moja kubwa: S ikianza bila thamani eigeni hasi, haizipati kamwe.

Sifa hiyo si ya kubezwa. Luca Dieci na Timo Eirola walionyesha mwaka 1994 kwamba mbinu za kutatua Riccati moja kwa moja, zikizidi ngazi ya kwanza, haziwezi kuhakikisha kwamba S itabaki chanya. Runge-Kutta ya ngazi ya nne ni sahihi zaidi kwa hatua ndogo, ila ukikuza hatua inaweza kukupa matriksi yenye thamani eigeni hasi, na katika kukadiria hali ya chombo hiyo ni sawa na kusema kosa lako lina mraba hasi. Kuna kinga mbili. Ya kwanza ni kuifanya S linganifu kila baada ya hatua, S iwe nusu ya S + Sᵀ; inaondoa kutolingana kunakoletwa na makosa ya kukata tarakimu lakini hairudishi uchanya. Ya pili, kwa kukadiria hali, ambako matriksi ya makosa ya makadirio huitwa P, ni kubeba W badala ya P, ambapo P = WWᵀ; hapo P haiwezi kuwa hasi kwa umbile lake. Wahandisi wa Apollo walitumia wazo la James Potter wa MIT la namna hii, kwa sababu kompyuta ya chombo ilikuwa na maneno ya biti 15 za data tu, na makosa ya kukata tarakimu yalikuwa makubwa.

Hapohapo niguse suala la vipimo vya asili. Matriksi ya kukadiria hali inaweza kuwa na mita za mraba zenye ukubwa wa 10,000 kwenye kona moja na radiani za mraba za 0.00000001 kwenye kona nyingine. Kosa la jumla la 0.000001 likiwekwa kwa wote, namba za pembe ni ndogo kuliko kosa lenyewe. Kitatuzi kinaruhusiwa kuzikosea kwa asilimia mia na kujiona kimefaulu. Badilisha vipimo, kilomita badala ya mita na miliradiani badala ya radiani, mpaka namba za ulalo zikaribiane, au toa kosa la kila namba peke yake.

Familia nyingine ni ya matriksi za mzunguko, zinazoeleza chombo kinavyogeuka angani: X′ = K(X)X, ambapo Kᵀ = −K. Hapa XᵀX lazima ibaki I. Euler ya kawaida, kwa mzunguko wa radiani 1 kwa sekunde na hatua ya 0.01, huikuza X mara 1.65 baada ya hatua 10,000, chombo kimevimba. Runge-Kutta ya ngazi ya nne hupotoka polepole zaidi, lakini hupotoka. Tumia umbo la Cayley: X mpya = (I − hK/2)⁻¹(I + hK/2)X, ambalo halipotoki isipokuwa kwa makosa ya kukata tarakimu. Kwa milinganyo ya Lax, L′ = BL − LB, kinachopaswa kubaki ni thamani eigeni za L. Wengi hupima jumla ya ulalo wa L na kufurahi haibadiliki. Kipimo hicho ni chepesi mno: jumla hiyo ni ya mstari, na Runge-Kutta yoyote huihifadhi hata ikiharibu mengine yote. Pima jumla ya ulalo wa L² na wa L³.

Basi ukurasa ninaouomba uwe na mambo haya. Jina la kitatuzi, viwango viwili vya kosa, na ukubwa wa hatua. Matokeo ya mfano wa X′ = X² na wa mzigo kwenye reli, yakiwekwa kando ya majibu niliyoyatoa hapa. Jedwali la hatua h, h/2 na h/4: kwa mbinu ya ngazi ya nne, tofauti kati ya jozi mbili zinazofuatana ipungue karibu mara 16. Ikipungua mara 2 tu, uwezekano mkubwa ni kwamba A(t) inasomwa mwanzoni mwa hatua pekee badala ya katikati na mwisho pia. Ikipungua mara 4, angalia kama A(t) inatoka kwenye jedwali la vipimo lililounganishwa kwa mistari mifupi. Thamani eigeni ndogo kuliko zote ya S katika safari nzima, si mwishoni tu. Na mabaki: chukua S kutoka nyakati mbili jirani, pata kasi kwa tofauti yake, uilinganishe na upande wa kulia wa mlinganyo. Kipimo hiki cha mwisho kinaweza kukamata kosa la kunakili mlinganyo hata pale vingine vinapolikosa, mradi upande huo wa kulia uandikwe upya kutoka kwenye karatasi, usiitwe kutoka kwenye msimbo uleule.

Octave na Python ni za bure, na haya yote yanaendeshwa kwa sekunde chache kwa matriksi za miradi ya wanafunzi. Msimamizi asiye na muda wa kusoma msimbo wote anaweza kuomba mambo mawili tu kwenye usaili: mwanafunzi abadilishe alama ya SGS mbele yake na kueleza kwa nini S imelipuka, kisha airudishe na kuonyesha 1.73205.

Wako,
Mwalimu wa hisabati tumizi,
Dar es Salaam